Mtamba Aliyefungwa Peke Yake

Dar es Salaam
7 Mei 1995

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Mama pia. Mwambie mkungu wa ndizi alionifungia uliiva wote kwa siku moja, na mimi mtu mmoja ningefanya nini, nikagawia nyumba nzima. Sasa wapangaji wote hapa Magomeni wananiita Mtukuyu. Mimi ni mzima kabisa isipokuwa joto. Ninyi najua mvua haijakata na mnaota moto mchana. Na mgongo, Baba? Pasaka nilikuacha unainuka kitini kwa awamu.

Gazeti letu bado changa. Tuko watu tisa kwenye meza nne, na magazeti mapya yanazuka kila mwezi, kwa hiyo kila siku ni kukimbizana. Mhariri wetu ni Bi. Rahima, mama wa makamo aliyefundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kuingia kazi hii. Habari za nje zinatoka kwenye mashine kwa Kiingereza, nami nazigeuza Kiswahili zikiwa bado moto. Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Novemba. Nikivuka, nitaajiriwa. Na ninataka kuvuka, Baba. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nilipotaka kwenda sekondari.

Sasa juzi nimepata aibu. Habari moja ilisema serikali fulani ya mbali imefanya "declare" hali ya hatari. Nyingine ilisema shirika la ndege limefanya "announce" safari mpya. Kote kuwili nikaandika "imetangaza", "limetangaza", nikaona nimemaliza. Bi. Rahima akazungushia maduara mawili, akauliza mbele ya watu wote, "Lusungu, haya ni maneno mawili tofauti. Kiingereza alikufundisha nani?" Sikukutaja, maana aliyenifundisha ni wewe.

Kamusi hainisaidii, yote mawili inayaita kutangaza. Naomba unieleze tofauti yake kwa mifano ya nyumbani. Usinipe mifano ya London.

Asante kwa yote ya Pasaka. Viatu vyako vya kufundishia vilikupendeza.

Mwanao,
Lusungu


Mpuguso
28 Mei 1995

Mwanangu Lusungu,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama yako Veronika anauliza kama kikapu kilichobeba ule mkungu bado kipo, maana si chake. Mvua ni ile ile. Chai inachumwa, ndizi zipo, na kalvati la njia ya kwenda Tukuyu limeondoka na maji, kwa hiyo tunazunguka. Mgongo upo. Siku hizi unaniuma zaidi kwa sababu ya kukata majani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Si mbaya. Mwambie Bi. Rahima kwamba aliyekufundisha anamsalimu, na kwamba somo hilo alilifundisha Darasa la Sita, siku ambayo wewe ulikuwa unachungulia dirishani.

Sikiliza basi. Karani wetu wa kanisa, Asajile, kila Jumapili anasimama na karatasi yake. Mbuzi mweusi amepotea. Kikao cha akina mama ni Jumatano. Fulani na fulani wanatarajia kufunga ndoa. Asajile hakumpoteza huyo mbuzi, wala haoi. Mambo hayo yapo tayari, au yamepangwa na wengine, yeye anayafikisha tu masikioni mwetu. Hiyo ni "announce". Lakini siku ya ndoa yenyewe mchungaji anasema, hawa ni mume na mke. Kabla hajasema, walikuwa watu wawili waliovaa vizuri. Akishasema, wamekuwa kitu kingine. Hiyo ni "declare". Anayesema lazima awe na mamlaka ya kusema, au awe anatoa lililo moyoni mwake mwenyewe, na akishalitoa anasimama juu yake. Kwa lile la kwanza unaweza kumtuma mtu. Kwa hili la pili hutumi mtu. Shirika la ndege andika "limearifu" au "limetoa tangazo". Hali ya hatari andika "imetamka rasmi", uone kama atazungushia duara.

La mwisho. Mshenga wa Mzee Abrahamu alipita hapa kutoka Makandana. Wanapendekeza ndoa yako na kijana wao Nelson iwe Jumamosi, tarehe tisa Desemba. Mtamba wa posa waliyemleta Jumatatu ya Pasaka ana mimba, wanakadiria atazaa katikati ya Novemba. Wewe tangu sekondari ulikuwa shule za bweni, kwa hiyo nakukumbusha desturi ya ukoo wetu: ng'ombe wa posa akishachanganywa na ng'ombe wa nyumbani, neno limefungwa. Na hata asipochanganywa, akizaa kwetu neno limefungwa vile vile, kwa maana ndama amepokelewa na mikono yetu na hakuna anayerudisha ndama. Kabla ya hapo, watu bado wanaweza kuzungumza.

Utaniambia kama tarehe inakufaa.

Baba yako,
Mwl. Ambindwile


Dar es Salaam
2 Julai 1995

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na ndaga fijo, asante sana. Kikapu kipo, nakiwekea nguo. Nitakirudisha, Mama asigombane na mtu.

Bi. Rahima aliyasoma maelezo yako kimya, akavua miwani, akayasoma tena, kisha akayabandika ukutani juu ya mashine. Sasa kila anayekosea anaambiwa, "Nenda kamwone Asajile." Ukifika Dar utakuta karani wetu ni mtu maarufu na mwenyewe hajui. Nimepewa pia nusu ya ukurasa wa tano, wa habari za Afrika. Nimekutumia vipande viwili, ni vyangu ingawa jina halipo.

Habari nyingine: jirani yangu wa chumba cha pili ameanza kuuza mitumba na kila Jumamosi anajaribisha nguo zote mwilini mwangu. Maji yanatoka siku moja, siku mbili hayatoki. Kanisani naenda. Nakula vizuri. Bi. Rahima anasema nikiendelea hivi atanifundisha kuhariri, na si kutafsiri tu, na anasema wasichana wanaoweza kazi hii hawazidi vidole vya mkono wake mmoja.

Mbona unakata majani, Baba? Si ng'ombe wanachungwa kwa zamu na majirani, kama zamani? Acha hiyo kazi, mgongo wako hauna spea.

Nina swali dogo la kazi. Aliyefanya "announce" akigundua kuwa alikosea, anafanyaje? Na yule wa "declare"?

Mwanao,
Lusungu

N.B. Yule mtamba ameshazoea wenzake?


Mpuguso
30 Julai 1995

Mwanangu Lusungu,

Marahaba. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Ukungu unashuka saa nane mchana, hatuonani na jirani mpaka kesho yake. Mama yako anakusalimu kutoka jikoni, hatoki huko.

Vipande vyako nimevisahihisha, nimevirudisha humu. Cha kwanza saba kwa kumi. Cha pili nane, ungepata tisa kama usingeandika "kwa mujibu wa" mara nne. Umemaliza msamiati wa serikali nzima.

Swali lako. Aliyefanya "announce" akikosea, Jumapili inayofuata anatoa tangazo lingine. Mwaka juzi Asajile aliletewa karatasi akasoma msiba wa mzee mmoja wa bondeni, na mzee mwenyewe alikuwa amekaa benchi la tatu. Akasimama akauliza anazikwa saa ngapi ili naye ahudhurie. Kanisa lilicheka mpaka wimbo ukashindikana, na likaishia hapo. Lakini wa "declare" hana wa kumsahihishia. Lazima arudi yeye mwenyewe na mdomo ule ule. Inauma zaidi. Inawezekana, ila inauma zaidi.

Nikuongezee mfano ambao vitabu havina. Mwaka themanini na tano, sabuni ilipokuwa adimu na kitenge ukikiona unaota, mimi na mama yako tulivuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, kumwona dada yake Karonga. Wakati wa kurudi mama yako akajifunga vitenge vitatu kiunoni, ndani ya nguo. Ofisa wa forodha alikuwa kijana mpole. Akamwuliza kila mtu neno lile lile, kwanza kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni: una chochote cha "declare"? Ona sasa, hakusema "announce". Anataka wewe, mwenye mzigo, useme kilichomo. Mama yako akasema hana. Ofisa alimwona alivyonenepa upande mmoja. Hakumgusa. Akahudumia wengine, akarudi, akauliza tena kwa upole. Mama yako akatazama chini. Ofisa akaenda, akarudi mara ya tatu. Hapo mama yako akafungua mwenyewe, machozi yanamtoka. Yule kijana akavihesabu, akasema, "Mama, hivi ni vya kuvaa tu. Pita." Hofu yote ile tuliibeba bure toka Karonga. Ofisa mwema haingizi mkono kwenye nguo za mtu, Lusungu. Anauliza, kisha anasubiri.

Barua zako mbili nimezipitia. Bi. Rahima ametajwa mara nyingi mpaka nimemzoea. Nelson hakutajwa hata mara moja. Sisemi kitu, nimehesabu tu. Mwalimu ni mwalimu.

Mtamba anakula vizuri.

Baba yako,
Mwl. Ambindwile


Dar es Salaam
10 Septemba 1995

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kampeni zimepamba moto, tunatoka kazini tumechoka hata kula hatuwezi. Mimi mzima. Mama nimepata barua yake ya gauni. Mwambie vipimo nitatuma, mkono uwe mrefu kama anavyotaka, sina neno.

Tarehe tisa ni sawa. Msalimieni Nelson.

Hukunijibu juu ya majani.

Lusungu


Mpuguso
8 Oktoba 1995

Mwanangu Lusungu,

Marahaba. Barua yako ni fupi, nimekosa pa kuisahihisha.

Huku ni kiangazi. Majani ya karibu yamekwisha, nashuka mpaka mtoni, narudi na mzigo mmoja asubuhi na mmoja jioni, na migomba iliyokwisha kuzaa naikata vipande naongezea. Mama yako ameninunia wiki ya pili. Anasema nimezeeka vibaya, nimekuwa mtu wa kujitafutia adhabu. Majirani nao wana maneno yao. Wacha wacheke, ni afya.

Nelson alikuja juma lililopita kututembelea. Aliona paa la jiko limelegea, akapanda akalipigilia bila kuombwa, akala, akaaga. Nataka ulijue hili kutoka kwangu: kijana hana kosa. Duka lake la Makandana linakwenda, hanywi, anaheshimu watu. Anayesubiri nimtafutie kosa atasubiri sana. Lakini nimefundisha miaka thelathini na moja, na nimeona watoto wasio na kosa lolote wakiwekwa dawati moja na kila mmoja akashindwa kusoma. Nikawahamisha tu. Hakuna aliyepigwa.

Matangazo ya ndoa yataanza kusomwa kanisani Jumapili ya tarehe kumi na tisa Novemba. Mtamba ameanza kujaa kiwele. Mimi nampa wiki tano, sita akituhurumia. Barua kati yetu inachukua siku nane au tisa basi likiwa zima. Hesabu ulikuwa unaipenda. Ifanye.

Vipimo vya gauni havijafika. Mama yako anauliza. Mimi siulizi kitu, nasubiri.

Baba yako,
Ambindwile


Dar es Salaam
5 Novemba 1995

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui habari za kuanza nazo. Mimi ni mzima, jirani mzima, joto lipo. Mengine yote yasubiri, maana nisipolisema sasa nitaandika habari za mitumba mpaka karatasi iishe kama nilivyofanya mwaka mzima.

Jumapili iliyopita tulipiga kura, na kazini hatukulala. Matokeo yalikuwa yanaingia kwa simu kutoka mikoani. Bi. Rahima akapanda juu ya kiti, kweli kabisa, akasema, "Sisi tunaarifu tu! Kutamka mshindi si kazi ya gazeti. Atakayemtamka mtu hapa mezani kwangu ataondoka na majaribio yake!" Na wote tukatazama ukutani kwenye maelezo yako. Kesho yake tukasikia uchaguzi wa hapa Dar umefutwa, tutarudia tarehe kumi na tisa. Watu wamelalamika, wengine wamecheka, wamekwenda kazini. Nikakaa na ile habari mkononi nikafikiri, jiji zima limeambiwa lirudie na bado jua limechomoza. Na tarehe ni hiyo hiyo ya Asajile kuanza kutangaza ndoa yetu. Nikaenda chooni nikalia.

Baba, ninacho cha kutamka. Sitaki kuolewa na Nelson.

Hana kosa, umesema kweli. Tulisoma naye, namheshimu. Hakuna mwanamume mwingine huku, usije ukafikiri hivyo na Mama asifikiri hivyo. Ninachotaka ni kazi hii, na nikiolewa Desemba nitakaa nyuma ya kaunta ya duka Makandana nikiwa mke mwema, na kila basi la Dar likipita nitalitazama mpaka lipotee kwenye kona. Mtu mwema kama Nelson hastahili mke anayetazama mabasi.

Utaniuliza kwa nini nilikubali. Mliniita sebuleni siku ile ya Pasaka, wazee wamejaa, mshenga akaniuliza, "Wageni hawa tuwapokee?" Nilikuwa nimejiandaa kusema nipewe muda. Kisha nikatazama chini, nikaona viatu vyako. Vile vyeusi vya kufundishia, ambavyo hukuvivaa tangu ulipostaafu. Umevipaka dawa mpaka vinang'aa. Nikakumbuka ulivyokuja na viatu hivyo hivyo kunichukua, siku tulipomzika baba yangu, ukaniambia Amoni hakuacha yatima, ameacha mtoto kwa kaka yake. Nikaona nikisema neno jingine mbele ya watu wale nitavipaka tope mimi. Nikasema wapokeeni. Tangu siku ile nimekuwa nikikuandikia juu ya maneno ya Kiingereza.

Najua nimechelewa. Mtamba atakuwa amechanganywa tangu Aprili, na pengine ameshazaa, na barua hii itakukuta tayari ni baba wa ng'ombe. Kama ni hivyo, nitakuja tarehe tisa na nitavaa hilo gauni, sitakuaibisha. Ila nilitaka ulijue kwa mdomo wangu. Hilo sikuweza kumtuma mtu.

Nisamehe, Tata.

Lusungu wako


Mpuguso
20 Novemba 1995

Mwanangu Lusungu,

Marahaba, marahaba sana. Hatujambo. Tena leo sisemi hivyo kwa mazoea.

Barua yako ilifika Jumanne, tarehe kumi na nne. Niliichukua posta Tukuyu mwenyewe, kama nilivyokuwa nikienda kila Jumanne na Ijumaa tangu Oktoba, mpaka yule mama wa dirishani akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijamsalimu. Niliisomea hapo hapo nje, nimesimama. Nilipofika kwenye neno lako nikakaa chini kwenye ngazi za posta. Mtu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ni msiba?" Nikamwambia hapana, ni kinyume chake.

Sasa nisikilize, na usiruke mistari. Mtamba hajawahi kuchanganywa. Hata siku moja. Jumatatu ile ya Pasaka wageni walipoondoka nilimfunga kando, nyuma ya jiko, na hapo ndipo alipolala peke yake miezi saba. Asingeweza kwenda malishoni na wenzake, kwa hiyo alikula kilichokatwa, na mkataji ni mimi. Ndiyo majani uliyoyauliza. Mama yako alitaka tumchanganye tangu mwezi wa tano. Majirani walisema Mwalimu ana mahabusi nyumbani. Nilikuwa nawajibu kuwa namchunguza kama ana kupe.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu nilikutazama wewe. Ulijibu "wapokeeni" vizuri kabisa, sauti imenyooka, na macho yako yako sakafuni. Nimewasikia watoto wengi wakijibu swali ambalo hawalijui, wanajibu kwa sauti hiyo. Nikasema hili ni tangazo tu, mwenye neno bado hajasema. Lakini nisingeweza kukuuliza moja kwa moja. Ningeuliza, ungesema "Baba, sawa tu", kwa adabu, na hapo ningekuwa nimekufunga mimi. Ikabidi nisubiri na majani yangu. Na ninakiri, Oktoba iliisha nikiwa naogopa. Nilimwendea yule ng'ombe kila asubuhi kabla sijapiga mswaki, namshika kiwele, namwambia, dada, bado kidogo, Dar ni mbali.

Kuhusu viatu. Mwanangu, nilivivaa kwa sababu nilidhani unamtaka kijana. Nikasema mtoto wa Amoni asije akaaibika mbele ya wakwe kwa baba mwenye kandambili. Vilikuwa vinanibana vibaya, na kikao kilichukua saa nne. Kumbe wewe ulikuwa unavitazama ukijitoa kwa ajili yangu, na mimi nimekaa ndani yake naumia kwa ajili yako. Hebu tusirudie.

Jumatano nilivivaa tena, nikaenda Makandana na mshenga kuonana na Mzee Abrahamu. Sikutafuta sababu. Nilimwambia, binti amesema mwenyewe, kwa mkono wake, hataki kuolewa sasa, na kwamba kijana wenu hana doa. Mke wake akasonya, akaingia ndani, na ana haki. Kisha mzee akaniuliza, "Amezaa?" Nikasema bado, wala hajachanganywa. Akanitazama. "Miezi saba, Mwalimu?" Nikasema miezi saba. Akasema, "Basi umetuheshimu. Kesho atafuatwa."

Aliyemfuata ni Nelson mwenyewe. Nilitaka kumwomba radhi, akanizuia. Akasema, "Mwalimu, siku ile Lusungu hakuniangalia hata mara moja. Nimelifikiria hilo kila siku nikifungua duka. Mwambie nashukuru ameniambia kabla ya kanisa." Macho yake yalikuwa mekundu, sikufichi, lakini alitembea wima. Alimpeleka ng'ombe polepole kuanzia asubuhi, wanapumzika kila kilima, akafika Makandana alasiri. Jumamosi alfajiri amezaa huko. Ndama jike, ana baka jeupe usoni. Mshenga anasema Nelson amempa jina Tangazo. Kijana anayeweza kufanya mzaha siku ya tatu atapona.

Alhamisi mama yako alishinda jikoni mchana kutwa. Nilidhani atalia kwa ajili ya gauni. Jioni akatoka nje, akaisimamia ile kamba tupu nyuma ya jiko, akarudi akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unajua, ukaniacha nikununie wiki mbili." Tangu hapo ananipikia kama mgeni. Kitambaa cha gauni anasema utakivaa siku ya kuajiriwa, kwa hiyo vipimo bado vinahitajika, na safari hii vitume. Kikapu ukirudishe ukija Krismasi.

Jana Jumapili tulikwenda kanisani mapema, tukakaa benchi la mbele. Asajile akasimama na karatasi yake. Kondoo wawili wameonekana shambani kwa mtu, mwenyewe ajitokeze. Kwaya ibaki baada ya ibada. Wanandoa watarajiwa walikuwa jozi mbili, nikawasikiliza jina kwa jina. Jina lako halikusomwa. Mama yako akaniminya mkono mpaka pete ikaniumiza. Nimesikia matangazo ya kanisa maisha yangu yote, na sijawahi kufurahi kiasi kile kwa kitu ambacho hakikutangazwa.

Bi. Rahima msalimu. Majaribio yanaisha wiki ijayo, nenda kayavuke.

Mgongo hauumi. Barua yako ya tarehe tano nimeisoma mara nne. Kalamu nyekundu niliiacha mezani.

Baba yako